"Mjomba, Faili Lako Liko Wapi?" Uchunguzi wa Miaka Arubaini na Kliniki ya Sukari na Presha

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikimpeleka mama yangu kliniki ya sukari katika markaz ya afya ya mtaani kwetu hapa Seeb, na kwa miaka yote hiyo nilikaa kwenye viti vya kungojea nikiamini kwamba mgonjwa ni yeye, mimi ni dereva tu. Nilizijua siku zake za miadi, nilizijua dawa zake, nilijua hata kidole gani anapenda kudungwa. Siku moja muuguzi, binti wa kwetu ambaye wazee wake wametoka Pemba, alimaliza kumpima mama presha, akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili: "Na wewe mjomba, faili lako liko wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia mimi mzima, sina faili. Akaniuliza umri, nikamwambia arubaini na saba. "Basi umechelewa miaka saba," akasema, na huku ananifunga mkanda wa presha mkononi. Mashine ikatoa 162 kwa 98. Akaniacha nikae kimya dakika tano, akapima tena. Haikushuka sana.

Siku ile sikuwa naumwa na kichwa wala sikuwa na kizunguzungu. Asubuhi nilikuwa nimetembea ufukweni. Na hilo ndilo ninalotaka kulieleza katika makala hii: sukari na presha hazipigi hodi. Ukingoja mpaka ziume ndipo uende hospitali, kitakachokuuma si sukari tena wala si presha, ni figo, ni jicho, ni moyo. Kwa hiyo kuna milango miwili katika markaz zetu ambayo mtu anatakiwa aingie akiwa mzima: mlango wa uchunguzi, na mlango wa kliniki ya maradhi sugu. Wengi wetu tunaujua huu wa pili tu, tena kwa sababu ya wazazi wetu.

Uchunguzi wa miaka arubaini ni kitu gani?

Hapa Oman, Wizara ya Afya ilianza mwaka 2006 mpango wa taifa wa kuwachunguza raia waliofika miaka 40 na zaidi, katika vituo vya afya vya mitaani. Mpango huu unamhusu mtu ambaye hajawahi kuambiwa kuwa ana maradhi hayo. Wanaoyajua maradhi yao wana kliniki yao. Huu ni kwa ajili ya yule anayejiona mzima.

Wanatafuta mambo matano: sukari, presha, uzito uliozidi, mafuta kwenye damu, na dalili za mwanzo za maradhi ya figo. Kwa nini matano haya kwa pamoja? Kwa sababu yanatembea pamoja. Presha inaharibu figo, na figo ikiharibika inapandisha presha. Sukari inaharibu mishipa midogo ya jicho na figo, na mafuta yanaziba mishipa mikubwa ya moyo na ubongo. Mtu mwenye mawili au matatu hatari yake haijumlishwi, inazidishwa.

Siku yenyewe haina makuu. Unakwenda asubuhi na bataka yako, hujala kitu tangu usiku, saa nane mpaka kumi na mbili bila ya chakula. Maji ya kunywa yanaruhusiwa, na ni vizuri uyanywe, mshipa utaonekana upesi. Chai, hata ya rangi, iache mpaka umalize. Wanakupima urefu, uzito na mzunguko wa kiuno, wanapima presha, wanachukua damu na mkojo kidogo. Wanakuuliza kama unavuta sigara, na kama baba, mama au ndugu zako wana sukari au presha, au walipata maradhi ya moyo mapema. Hapo usione haya. Ukificha, umemficha nani?

Kupima presha nako kuna adabu yake, na ukiijua utaweza kupima hata nyumbani. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kwanza nenda msalani. Kaa dakika tano bila ya kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, usipandishe mguu juu ya mguu, na mkono uwe umelazwa usawa wa moyo. Ukipima huku umetoka kupanda ngazi au unabishana na mwanao, utapata namba ya ugomvi, si ya presha yako.

Namba na maana yake

Watu wetu wengi wanatoka kliniki wakiwa na karatasi wasiyoielewa. Nitaeleza kama nilivyoelezwa mimi.

Presha ina namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapokamua, ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. Ikiwa kila unapopimwa kliniki, siku tofauti, inafika 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha. Namba moja ya siku moja haitoshi, ndiyo maana niliambiwa nirudi tena na tena kabla ya kuanza dawa.

Sukari ya asubuhi, kabla ya kula, ikifika 7.0 au zaidi, hicho ni kisukari, na mtu asiye na dalili hupimwa tena ili kuthibitisha. Ikiwa kati ya 6.1 na 6.9, Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa imepanda lakini haijawa maradhi. Hapo ndipo penye nafasi kubwa ya kujiokoa kwa chakula, kutembea na kupunguza uzito.

Halafu kuna kipimo ambacho hapa tunakisikia kwa jina la Kiarabu, *tarakumi*, yaani kilichojikusanya. Hiki hakisomi sukari ya leo. Chembe nyekundu za damu zinaishi karibu siku 120, na muda wote huo sukari inazidi kuzigandama. Daktari akiipima ile iliyogandama anapata picha ya miezi miwili mpaka mitatu iliyopita. Ikifika 6.5 kwa mia au zaidi, ni kisukari. Mama yangu alikuwa na tabia ya kuacha halwa na wali siku tatu kabla ya miadi, akatokea na sukari nzuri kama ya msichana. Tarakumi ikamtoa hadharani. Daktari alimwambia, "Bibi, siku tatu hizi umefunga, lakini miezi mitatu umekula." Alicheka mpaka akafuta machozi, na tangu siku hiyo ameacha mchezo huo.

Mimi tarakumi yangu ilikuwa 7.4. Na mkojo wangu ulikuwa na protini kidogo, ambayo figo nzima haitakiwi kuipitisha.

Khabari ya ami yangu

Niliposikia neno figo, nilimkumbuka ami yangu, ndugu yake baba, Mungu amrehemu. Yeye aliambiwa ana sukari akiwa bado kijana wa miaka arubaini na kitu. Akameza dawa miezi miwili, akapimwa, sukari imeshuka. Akasema: "Nimepona." Akaziacha. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu sote tuliamini dawa ni kama za malaria, ukimaliza dozi umemaliza maradhi.

Hakuumwa na kitu kwa miaka mingi. Alikula, alisafiri, alicheza bao. Kisha miguu ikaanza kuvimba, na alipopimwa figo zilikuwa zimekwisha kazi yake. Miaka yake ya mwisho aliimaliza kwenye mashine ya kusafishia damu, mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Safari zote zile, na sikuwahi kujiuliza kwamba damu yake na yangu ni moja.

Sukari ikishuka kwa dawa, haina maana kwamba imeondoka. Ina maana kwamba dawa inafanya kazi. Ukiitoa, sukari inarudi mahali pake, bila ya kelele.

Kliniki ya maradhi sugu inafanya nini?

Watu wanadhani kliniki ni mahali pa kuchukulia dawa, ndiyo maana tunawatuma watoto wakazichukue. Dawa ni sehemu tu. Kazi kubwa ya kliniki ni kuangalia kama maradhi yameanza kula mahali pengine. Mwenye sukari, kila mwaka anatakiwa afanyiwe haya, na kama hakufanyiwa, ni haki yake kuuliza:

• Tarakumi, kila miezi mitatu ikiwa bado haijatulia, na kila miezi sita ikitulia.

• Damu na mkojo kwa ajili ya figo, mara moja kwa mwaka. Protini ikionekana mapema, kuna dawa zinazozilinda figo.

• Macho, kwa kupigwa picha ya ndani ya jicho. Mtu anaweza kuwa anasoma gazeti bila ya miwani na huku mishipa ya ndani imeanza kuvuja. Ukitiwa matone ya kupanua mboni, usiendeshe gari kurudi nyumbani, macho yanakuwa na ukungu kwa saa kadhaa.

• Miguu. Utafumbishwa macho, uguswe nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki, useme unapousikia. Asiyeusikia anaweza kukanyaga msumari asijue.

• Mafuta ya damu, presha, uzito, na mazungumzo na mtaalamu wa chakula.

Kuhusu dawa, msiache kimya kimya. Dawa moja ya sukari iliyo maarufu, metformini, huwachafua watu tumbo siku za mwanzo. Ukiimeza pamoja na chakula mara nyingi inatulia, na ipo aina inayoyeyuka polepole. Kuna dawa za presha zinazoleta kikohozi kikavu kisichokwisha, na nyingine zinavimbisha vifundo vya miguu. Hayo yote yana ufumbuzi, daktari anabadilisha. Lakini mgonjwa anayeziacha dawa na kila miadi anasema "natumia", anamfanya daktari aongeze dozi ya kitu kisichomezwa.

Na habasoda, uwatu, mdalasini? Sikatai dawa za wazee wetu. Ninachosema ni kwamba mwambieni daktari mnachotumia, na msiweke kijiko cha asali mahali pa kidonge. Asali ni sukari. Tende nazo ni sukari, ijapokuwa ni chakula cha heshima. Sisi katika nyumba zetu kila mgeni anakuja na tende na kahawa, na baada yake halwa. Ukitembelea nyumba tatu jioni moja, umeshakula sukari ya siku mbili. Mwenye presha naye ajihadhari na achari, ng'onda na papa mkavu. Kitu kikihifadhiwa kwa chumvi, chumvi yote ile inaingia kwenye damu yako.

Ganzi si uchovu

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi khasa, watu wa lugha mbili. Wazee wetu wengi waliokuja kutoka Unguja, Pemba na Mrima, baada ya mwaka 1964 na katika miaka ya sabini, Kiarabu chao ni cha dukani na cha msikitini. Maumivu wanayasema kwa Kiswahili. Daktari ni Muomani, Mmisri au Mhindi, anazungumza Kiarabu au Kiingereza. Katikati anakaa mjukuu wa miaka kumi na nne mwenye simu mkononi.

Hilo limetokea kwetu. Siku moja nilikuwa kazini, mama akaenda na mjukuu wake. Akasema: "Miguu inakufa ganzi, na usiku inaniwaka moto." Mtoto, ambaye Kiswahili chake ni cha kuitikia tu, akatafsiri kwamba bibi amechoka miguu. Daktari akamwambia apumzike. Miezi ikapita kabla sijaligundua kosa hilo, na tuliporudi ikaonekana kwamba mishipa ya fahamu ya miguu imeshaguswa na sukari. Simlaumu mtoto. Ganzi angeijulia wapi?

Kwa hiyo nendeni na mtu mzima anayezijua lugha zote mbili. Kabla ya kuondoka nyumbani, mwulize mzee na uandike: ganzi, kuwaka moto, moyo kwenda mbio, kuamka usiku kukojoa, kizunguzungu akisimama. Mkiwa hamna mtu, ulizeni kwenye dawati kama yupo mfanyakazi anayejua Kiswahili. Katika markaz nyingi za Muscat humkosi. Na daktari akimaliza kueleza, mwambie mzee arejee kwa maneno yake alichokielewa. "Ndiyo, ndiyo" ya wazee wetu ni adabu, si kuelewa.

Ramadhani na safari

Mwenye sukari anayetaka kufunga aende kliniki wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kuamkia. Dozi na saa za dawa hubadilishwa, na wengine, kwa mfano wenye figo zilizodhoofika au wanaoshukwa na sukari mara kwa mara, hushauriwa wasifunge. Kupima kidole hakufunguzi, hilo wanazuoni wengi wamelieleza. Na mwongozo wa madaktari uko wazi: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, fungua hapo hapo, hata kama imebaki robo saa adhana ya magharibi. Mtu akianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba au kusema maneno yasiyoeleweka, mpe nusu gilasi ya juisi au tende tatu, upime tena baada ya dakika kumi na tano. Akiwa hana fahamu, usimtie kitu mdomoni, piga simu ya dharura.

Na tunaposafiri kwenda Zanzibar au Mombasa, dawa ziwe za kutosha safari yote na wiki moja ya ziada, pamoja na karatasi ya daktari. Insulini iingie mkoba wa mkononi, si sanduku linalokwenda chini ya ndege, huko inaweza kuganda. Na hapa Muscat, msiiache ndani ya gari hata kwa dakika za kununua mkate. Insulini haitakiwi kupita joto la nyuzi 30, na gari lililofungwa wakati wa kiangazi ni tanuri.

Na wasiokuwa raia?

Mpango niliouelezea ni wa raia wa Oman. Ndugu zetu wanaokuja kufanya kazi kutoka Tanzania na Kenya, wengi hutibiwa kwenye zahanati za binafsi kwa bima ya mwajiri. Lakini presha na sukari ni vipimo vya dakika chache, na zahanati yoyote inavyo. Na kama una dada anayekusaidia kazi nyumbani, amekwisha pita arubaini, na wewe una mashine ya presha juu ya meza, mfunge mkanda naye pia. Hana mjukuu wa kumpeleka.

Leo hii

Mimi sasa nina faili. Nameza kidonge kimoja cha presha, kimoja cha sukari, na kimoja cha mafuta. Natembea dakika arubaini kila asubuhi na wali nakula kwa kisahani. Baada ya mwaka mmoja presha ni 128 kwa 80, tarakumi 6.6, na protini kwenye mkojo imepungua. Sijapona, na daktari hanidanganyi kwamba nitapona. Lakini yaliyomfika ami yangu hayajanifika, na Inshaallah kwa mwendo huu hayatanifika karibu.

Mke wangu amekwenda, alikuwa na mafuta tu. Dada yangu amekwenda, mzima. Kaka yangu, mwenye miaka hamsini na mbili, ndiye aliyekataa. Kila nikimwambia ananijibu maneno ambayo kila mmoja wetu ameyasikia: "Ukitafuta maradhi utayapata." Nimemjibu kwamba mimi sikuyatafuta, nilimpeleka mama tu, na yalikuwepo.

Jana usiku nimempigia tena. Nimemwambia Alkhamisi nampitia saa moja asubuhi, asile kitu baada ya saa nne usiku, na bataka yake awe nayo mfukoni. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama maji anaruhusiwa kunywa. Nimemwambia ndiyo, maji anywe.